UZI: Kujenga ulimwengu wa kubuni kwa mfululizo wa michoro, kuanzia hadibodi mpaka ukuta wa maonyesho (tukimsoma George Lilanga)

Kibao_Mraba (mleta uzi)

Wakuu, salaam. Uzi huu ni wa wachoraji wanaotaka kujenga nchi nzima ya kubuni kwa rangi. Sizungumzii picha moja ya kiumbe wa ajabu. Nazungumzia kazi ishirini au thelathini ambazo mtu akiingia chumbani anajua amevuka mpaka, yuko kwa watu wengine wenye miili yao, nguo zao na desturi zao.

Mfano mkubwa tunao hapa hapa nyumbani. George Lilanga, Mmakonde wa Mtwara, alizaliwa 1934 na kufariki Dar es Salaam 2005. Alianza na uchongaji. Miaka ya 1970 akaingia Nyumba ya Sanaa, kituo cha wasanii pale Dar, na huko mkono wake ukapita kwenye ngozi za mbuzi, batiki na kazi za chuma kabla ya kukaa sawasawa kwenye rangi. Mwaka 1978 kazi zake zilionyeshwa Washington, Marekani, na tangu hapo dunia ikamjua.

Ukiangalia mashetani wake, yaani wale viumbe anaowachora, kwa makini utaona mambo mawili. La kwanza, miili haibadiliki: masikio makubwa, midomo iliyotokeza, tumbo mbele, mikono na miguu yenye vidole viwili au vitatu, nguo za madoadoa na mistari. La pili, wanachofanya ni kile kile tunachofanya sisi. Wanatwanga, wanabeba watoto, wanacheza ngoma, wanakunywa, wanagombana, wanapeleka mgonjwa kwa daktari. Maumbile ni ya ajabu, maisha ni ya kawaida. Ndiyo maana dunia yake inaaminika. Wengi wetu tunafanya kinyume: kila picha tunabuni kiumbe kipya kinachotisha kuliko cha jana, na mwisho wake tunabaki na picha thelathini zisizojuana.

Naomba tujadili kwa vitendo: sheria za dunia yenyewe, ubao na rangi, usafirishaji, na jinsi ya kuipanga ukutani isomeke. Wenye ujuzi karibuni.

---

Mpingo72

Uzi mzuri, mkuu. Niongeze msingi mmoja ambao vijana wengi wanauruka. Lilanga hakuanza kutoka hewani. Mtindo wa shetani ulikuwa tayari kwenye uchongaji wa Wamakonde jijini Dar. Anayetajwa kuuanzisha ni Samaki Likankoa, mwishoni mwa miaka ya 1950 au mwanzoni mwa 1960, na mfanyabiashara Mohamed Peera ndiye aliyezinunua kazi hizo na kuwatia moyo wachongaji waendelee. Kabla ya hapo soko lilitaka zaidi sanamu za wazee, wawindaji na akina mama wenye mitungi.

Kwenye mpingo, shetani anafuata gogo. Tawi likipinda, mkono unapinda. Penye tundu panakuwa jicho au tumbo lililo wazi. Lilanga alipohamia kwenye ubao bapa hakuwa na gogo la kumwongoza, kwa hiyo ilimbidi awe na kanuni yake mwenyewe ya mwili. Hapo ndipo pa kujifunza. Mchoraji akikosa kanuni, mkono wake unarudi kwenye mwili wa kawaida wa binadamu bila yeye kujua. Angalieni michoro ya watu wanaoiga mashetani: ya kwanza ina vidole viwili, ya tano ina vitano.

Halafu neno lenyewe. Shetani wa Wamakonde kwenye sanaa si Ibilisi wa vitabu vya dini. Ni viumbe vya porini, vya kwenye maji na vya nyumbani, wengine wakorofi, wengine wacheshi, wengine hawana neno na mtu. Mkiandika maelezo ya maonyesho lifafanueni hilo kwa sentensi moja, maana mgeni akisoma neno bila maelezo anaelewa kitu kingine kabisa na anaitazama kazi kwa jicho lisilo lake.

---

BintiMikindani

Kwenye sheria naomba niingie kwa undani, maana kazi huharibikia hapa kabla hata kopo la rangi halijafunguliwa.

Tengeneza daftari moja la dunia yako. Ukurasa wa kwanza ni mwili. Kipimo chako kiwe kichwa. Mtu wa kawaida mzima ana urefu wa vichwa saba na nusu hivi. Amua kiumbe wako ana vichwa vingapi, tuseme vitatu na nusu: kichwa kimoja, kiwiliwili kimoja na nusu, miguu kimoja. Andika sikio linaanzia wapi na kuishia wapi, vidole vingapi mkononi na mguuni, magoti yanapinda upande gani. Mchore akiwa amesimama mbele, ubavuni, mgongoni, ameketi na amebeba mzigo. Mikao mitano. Kama huwezi kumchora mgongoni, bado humjui.

Kisha kata kielelezo cha kadibodi ngumu cha mwili mzima kwa ukubwa utakaotumia zaidi, mfano sentimita 25 kwa ubao wa sentimita 60. Usikitumie kukandamiza umbo lile lile kila mahali, picha itakufa. Kazi yake ni kupima: ukishachora kwa penseli, weka kielelezo juu uone kama kichwa kimekua. Vichwa hukua kadiri mtu anavyochoka, jambo hili ni la hakika.

Ukurasa wa pili ni rangi. Chagua makopo machache. Sita yanatosha: nyeupe, nyeusi, nyekundu, njano, bluu na moja ya udongo. Michanganyiko yote iandikwe kwa vipimo vya kijiko, kwa mfano bluu 1 kwa nyeupe 3 ni maji ya mtoni, njano 4 kwa bluu 1 ni majani ya mpunga. Paka kila mchanganyiko kwenye kipande cha ubao, acha kikauke siku nzima ndipo ukikubali, kwa sababu rangi mbichi na rangi kavu hazifanani. Bila kumbukumbu hiyo, mto wa picha ya pili utakuwa mto mwingine kwenye picha ya kumi na nne.

Ukurasa wa tatu wengi hawauandiki: vitu ambavyo HAVIPO. Je, dunia yako ina jua? Ina vivuli? Ina wazee? Ina fedha? Lilanga mara nyingi hachori anga wala upeo wa mbali. Nafasi yote imejaa viumbe na madoa, na kukosekana kwa anga huko ndiko kunakokufanya ujione uko katikati yao. Ukiamua hakuna vivuli, usije ukaweka kivuli kimoja kwenye picha ya kumi kwa sababu tu kilipendeza. Mtazamaji hatasema kosa liko wapi, ila ataacha kuamini.

---

Mwanafunzi_wa_Rangi

Dada BintiMikindani, asante sana. Swali: sheria zikikazwa hivyo, dunia haitaganda? Mbona nayo dunia halisi inabadilika?

---

BintiMikindani

Inabadilika, lakini kwa sababu. Ukitaka kuongeza kitu kipya, mfano baiskeli, kiingie kupitia picha inayoonyesha kilivyofika, na baada ya hapo kionekane tena angalau mara mbili tatu kikitumika, kikikarabatiwa, kikigombaniwa. Kikitokea mara moja tu ni pambo. Na miili usiiguse. Badilisha vyombo, mavazi na kazi zao.

---

FundiRangi

Nakuja kwenye ubao. Nitaandika kwa urefu, maana maswali ya hadibodi (ubao mwembamba wa nyuzi za mbao zilizoshindiliwa) ni yale yale kila mwaka.

Karatasi nzima ya hadibodi ni sentimita 122 kwa 244, unene milimita 3. Inatoa vibao 8 vya 60 kwa 60, na ukanda mwembamba unaobaki unafidia kile msumeno unachokula. Kipimo hicho cha mraba ndicho kilichozoeleka kwenye mtindo wa uchoraji wa tingatinga tangu Edward Saidi Tingatinga alipoanza 1968 pale Dar, na sababu yake kubwa ni hesabu hiyo ya seremala. Mwambie akate upande laini ukiwa juu au chini kulingana na msumeno wake, ili mpasuko wa nyuzi uangukie mgongoni.

Usianze kupaka siku hiyo hiyo. Vibao vikae ndani, vimesimama kwa nafasi, siku mbili tatu vizoee hewa ya chumba. Upande laini usugue kwa msasa namba 180, kisha 220, kwa wepesi tu, lengo ni kuondoa mng'ao. Futa vumbi kwa kitambaa chenye tapentaini kidogo, maana hadibodi nyingine zina mafuta ndani na rangi hukataa kushika.

Sasa ziba ubao: mbele, NYUMA na KINGO. Hapa ndipo kosa kubwa lilipo. Ukipaka mbele peke yake, nyuma inaendelea kunywa unyevu wa masika na kuutoa kiangazi huku mbele imefungwa. Ubao unapinda kama ungo. Kingo ndizo zinazonywa kuliko sehemu zote, zipake mara mbili. Vibao 8 mbele na nyuma ni kama mita za mraba 5.8. Rangi ya mafuta ya kawaida hufunika karibu mita 10 mpaka 12 kwa lita, kwa hiyo mkono mmoja (tabaka moja la rangi) pande zote ni nusu lita na kidogo.

Mkono wa kwanza upunguze kwa tapentaini, sehemu 1 kwa rangi 10. Subiri saa 24. Sugua kwa 240, futa, paka mkono wa pili, subiri tena saa 24. Kibao kikizidi sentimita 60 kwa upande wowote, gundisha mbao za sentimita 2.5 kwa 5 nyuma, pande zote nne, KABLA ya kuchora. Gundi ya mbao, vibanio, usiku mzima. Usipigilie misumari kutokea mbele.

Neno moja kuhusu majina, maana dukani linawachanganya watu. "Rangi ya mafuta" ya madukani ni ile ya kung'aa ya milango na mageti. Hii si sawa na rangi ya mafuta ya mirija wanayotumia wachoraji wa kanvasi, ile hukauka taratibu kwa siku au wiki. Na "thina" ya rangi za magari si tapentaini. Ukiitia thina hiyo kwenye rangi ya milango, ukaipaka juu ya mkono uliokwisha kukauka, inauchemsha mkono wa chini na kuunyanyua. Mwambie muuzaji unataka tapentaini, na usome kopo mwenyewe.

Mpangilio wa kuchora: rangi ya nyuma kwanza. Ukitaka ipungue kutoka nyeusi kwenda nyepesi, paka mbili zikiwa mbichi na ukutanishe kwa kitambaa laini au brashi kavu, una dakika 10 hivi kabla haijaanza kushika. Iache ikauke kabisa. Hamisha mchoro kwa chaki au karatasi ya kaboni. Jaza maumbo, rangi nyepesi kwanza, nzito baadaye. Mistari myeusi ya pembeni inakuja baada ya hayo, na madoa ya nguo mwisho kabisa. Kwa mistari tumia brashi nyembamba yenye nywele ndefu, kwa sababu inabeba rangi nyingi na mstari haukatiki katikati. Egemeza mkono juu ya fimbo iliyofungwa kitambaa kichwani, isiguse rangi mbichi. Madoa yanapigwa kwa mpini wa brashi au kichwa cha msumari. Kila ukichovya, doa la kwanza ni kubwa na la tano ni dogo, hivyo chovya upya baada ya kila matatu kama unataka yalingane.

---

Kasuku_wa_Ngome

Huku Mombasa joto na unyevu vinatusumbua. Rangi inafanya makunyanzi kama ngozi ya tende, hasa nyekundu na nyeusi kwenye maeneo mapana. Sababu ni nini, mwalimu, na inatibika?

---

FundiRangi

Makunyanzi yanatokana na ngozi ya juu kukauka kabla ya tumbo. Ngozi imeshika, chini bado maji maji, baadaye cha chini kinapojaa na kukaza kinaikunja ya juu. Vyanzo vitatu: umepaka nene, umeanika juani, au umepaka mkono wa pili wakati wa kwanza uko nusu njia. Hili la tatu ndilo baya, kwa sababu rangi inaonekana kavu kwa kidole lakini tapentaini ya mkono mpya inapenya na kuilainisha.

Jaribu kwa ukucha wa kidole gumba pembeni mwa kibao. Ukiacha alama, subiri. Pwani wakati wa masika saa 24 zinaweza kuwa 48, usione haya kungoja. Usianike nje usiku, umande ukiipata rangi ambayo haijakauka inapoteza mng'ao na kuwa na ukungu mweupe.

Tiba: usipake juu ya makunyanzi, yataonekana milele. Acha wiki moja au zaidi mpaka yawe magumu, kwangua kwa kisu bapa, sugua kwa msasa wa maji, ndipo upake mikono miwili myembamba badala ya mmoja mnene. Na ule utando unaokaa juu ya rangi koponi, usiukoroge ndani. Ukate pembeni, uutoe mzima, na rangi uichuje kwa soksi nyembamba ya kike. Vipande vya utando ndivyo vile vichuguu mnavyoviona kwenye uso wa picha.

Jingine la afya. Rangi za njano, chungwa na nyekundu za makopo ya zamani mara nyingi zilikuwa na risasi. Chagua kopo lililoandikwa halina risasi, na ubao wa zamani usiusugue ukiwa mkavu. Tumia msasa wa maji, barakoa, na watoto wasiwe karibu.

---

Mwanafunzi_wa_Rangi

Na nyeupe inayogeuka kuwa ya kimanjano?

---

FundiRangi

Ni tabia ya mafuta yaliyomo ndani, na huzidi picha ikifungiwa gizani. Itoe ikae kwenye mwanga wa mchana usio wa jua la moja kwa moja kwa wiki chache, sehemu kubwa ya umanjano inarudi. Ndiyo maana kazi zisifungwe kwenye karatasi za kaki miezi sita ndani ya stoo. Kama nyeupe ndiyo ngozi ya viumbe wako na unataka isiguswe kabisa na umanjano, hamia akriliki, rangi inayochanganywa na maji.

---

Tandaza

Nitazungumzia kitambaa, kwa wale wanaotaka kazi zisafiri. Hadibodi ni nzito na kona zake huvunjika, kwa hiyo mfululizo wa picha thelathini kwa ndege ni gharama kubwa. Kanvasi inavingirishwa.

Amerikani nzito isiyopaushwa inafaa. Ifue kwanza kwa maji ya moto ili wanga utoke na kitambaa kijikunje kabla, si baada. Ikaushe, ivute kwenye fremu ukianzia katikati ya kila upande na kuelekea kona, pini kila sentimita 5. Paka gundi nyeupe ya mbao iliyopunguzwa kwa maji, sehemu 1 kwa 3, iache ikauke, kisha praima (rangi ya msingi) ya akriliki mikono miwili au mitatu, kila mkono ukienda upande tofauti na uliotangulia.

Juu ya hapo tumia akriliki. Rangi ya milango kwenye kitambaa hukauka ikawa ngumu kama ganda la yai, na siku unayovingirisha ndiyo siku inapopasuka. Pia kumbukeni mpangilio: rangi ya mafuta inaweza kukaa juu ya akriliki, lakini akriliki juu ya mafuta haishiki, itabanduka kama plasta ya jeraha.

Kuvingirisha: upande wenye picha uwe NJE. Watu wengi huuweka ndani wakidhani wanaulinda, kumbe rangi ikiwa ndani inabanwa na kujikunja. Tumia bomba la kipenyo cha sentimita 10 kwa uchache, 15 ni bora zaidi. Kati ya picha na picha weka karatasi ya kuokea isiyoshika mafuta. Usiweke gazeti wala nailoni, kwa sababu akriliki hulainika kwenye joto na kunata, utaichuna rangi pamoja na habari za michezo za wiki iliyopita. Ikifika nchi ya baridi, mpokeaji asifungue siku hiyo hiyo. Akriliki iliyopoa hukakamaa. Ikae kwenye chumba chenye joto la kawaida siku nzima kwanza.

Kuna pia lubugo, lile gome la mutuba la Waganda. Michael Armitage, mzaliwa wa Nairobi, anachora kwa rangi ya mafuta juu yake, na matobo na mishono ya gome anaiacha iwe sehemu ya picha. Kwa dunia ya kubuni hilo lina nguvu: ardhi ya nchi yako inakuwa na makovu yake kabla hujaigusa. Lakini halivutiki sawasawa kama kanvasi, mishono ivutwe taratibu sana.

---

Maketi_Kin

Ndugu wa Tanzania na Kenya, naandika toka upande wa Kongo. Msisahau mji wa kubuni una haki sawa na kiumbe wa kubuni. Bodys Isek Kingelez, aliyezaliwa 1948 na kufariki 2015, alijenga miji mizima mjini Kinshasa kwa karatasi, kadibodi, plastiki, makopo na vifuniko vya chupa. Kabla ya hapo alikuwa akikarabati vinyago kwenye makumbusho ya taifa. Paris walimwona 1989, na New York wakamfanyia maonyesho makubwa 2018. Yeye hakupaka picha, alijenga maketi, yaani mifano midogo ya majengo, lakini somo linawahusu wachoraji pia.

Kama dunia yenu ina majengo, jengeni kijiji kimoja cha kadibodi, nyumba tano sita tu, juu ya ubao wa sentimita 60. Kipimo kiwe 1 kwa 50, yaani mlango wa mita 2 ni sentimita 4. Washa taa moja upande wa kushoto, inama macho yawe usawa wa njia, piga picha kwa simu kutoka pembe kumi. Sasa mna picha kumi za mahali pale pale, na nyumba ya mganga iko kulia kwa kisima kila mara. Bila maketi, kisima kinahama. Paa mnazochora kwa kukisia huwa zinaelekea pande mbili kwa wakati mmoja, na kwenye picha moja hakuna anayejali, lakini zikipangwa kumi ukutani linaonekana hata na mtoto.

---

Kibao_Mraba

Maketi_Kin, umenifungua macho kwa hili la kisima. Wakuu, sasa tuje ukutani. Nani amezoea kupanga maonyesho?

---

Ukutani

Nitaanza na hesabu, kisha mpangilio wa chumba.

Katikati ya kila picha iwe sentimita 150 kutoka sakafuni. Fomula ya msumari: 150, jumlisha nusu ya kimo cha picha, toa umbali kati ya ncha ya juu ya fremu na waya uliovutwa juu kwa kidole. Picha ya kimo cha 60 yenye waya ulio sentimita 8 chini ya ncha: 150 + 30 − 8 = msumari kwenye 172. Andika namba hiyo nyuma ya kila picha kwa penseli kabla ya kwenda ukumbini.

Nafasi: ukuta wa sentimita 720, vibao 8 vya 60 vinachukua 480. Zinabaki 240. Gawanya kwa 9, kwa sababu kuna nafasi 7 kati ya picha na 2 za pembeni. Unapata karibu 27 kila moja. Hiyo ni njia ya kawaida, na kwa dunia ya kubuni mara nyingi siyo njia bora. Nafasi sawa inasema picha zote zina uhusiano sawa. Ni afadhali vibao vinne vya kijiji kimoja vikae kwa sentimita 10 tu kati yao, kisha uache sentimita 80 tupu, kisha kijiji kingine. Ule utupu ndio safari. Mgeni anatembea hatua moja hivi bila kuona kitu na anafika mahali pengine.

Kazi kubwa kuliko zote iwe ukuta unaotazamana na mlango, na mbele yake pawe na mita 3 za kurudi nyuma. Isiwe ya kwanza kusomwa, iwe ya kwanza kuonekana. Ramani ya nchi yako ya kubuni au picha ya umati iwe karibu na mwingilio, kwa sababu hapo mgeni anajifunza miili. Picha ya kiumbe mmoja akiwa peke yake iwekwe ndani kabisa, mgeni akishawazoea.

Kazi za duara, kama zile za plaiwudi alizofanya Lilanga, zina tatizo lake: zikining'inia kwenye msumari mmoja zinazunguka, asubuhi unakuta kijiji kizima kimelala ubavu. Weka pete mbili nyuma, kila moja kwenye ndoano yake, na kipande cha mpira chini.

Taa. Rangi ya mafuta inang'aa, na taa ikiwa mbele mgeni anaona balbu badala ya shetani. Taa itoke juu kwa pembe ya nyuzi 30 hivi kutoka wima. Isimamishe, tembea mbele ya picha kwa urefu wa mtu mfupi na mtu mrefu, ndipo uikaze. Balbu za mwanga wa joto, Kelvin 3000, na uonyeshaji rangi (CRI kwenye boksi la balbu) wa 90 au zaidi. Bluu na zambarau chini ya taa duni hufanana, na kazi yote ya daftari la BintiMikindani inapotea hapo.

---

Mama_Batiki

Ukutani, batiki na michoro ya karatasi nayo mwanga huo huo?

---

Ukutani

Hapana, mama. Karatasi na kitambaa kilichotiwa rangi ya kuchovya hufifia haraka. Makumbusho huvipa luksi (kipimo cha mwanga) 50 tu, wakati picha za akriliki na mafuta hupewa 150 mpaka 200. Vitengewe ukuta wake mbali na dirisha, na baada ya maonyesho virudi kupumzika gizani. Kumbe hapo ni kinyume cha rangi nyeupe ya FundiRangi, kwa hiyo msivihifadhi kwa sheria moja.

---

Mpingo72

Naomba tusimalize bila kuzungumzia kumbukumbu, kwa sababu suala hili limewaumiza wasanii wetu wakubwa. Lilanga aliugua miaka ya mwisho, na wasaidizi wa karakana walishiriki sana kwenye kazi. Kushirikiana ni desturi yetu ya karakana tangu zamani na hakuna aibu ndani yake. Tatizo ni kutoandika. Leo wanunuzi wanabishana kipi ni cha mkono wake, kipi ni cha karakana, kipi ni cha kughushi.

Nyuma ya kila kazi, kwa wino usiofutika: namba ya mfululizo, jina la kazi, mwaka, vifaa, vipimo (kimo kwanza, kisha upana), jina lako, na kama kuna msaidizi, alichofanya. "Mistari na nyuso: mimi. Kujaza rangi: fulani." Piga picha mbele na nyuma, pamoja na kona moja kwa karibu. Namba hiyo hiyo iingie kwenye daftari lenye tarehe ya kutoka, aliyepokea na bei. Sahihi ibaki ya aina moja, mahali pamoja.

Mkataba na nyumba ya sanaa inayokuuzia kazi uwe wa maandishi hata kama mwenye nyumba ni mjomba wako. Kamisheni mara nyingi ni kati ya asilimia 30 na 50, kwa hiyo panga bei ukijua hivyo, na bei ya karakana isiwe chini ya bei ya ukutani. Mkataba utaje idadi ya kazi kwa namba zake, muda, nani analipa usafiri, nani anabeba hasara ikivunjika, na siku ngapi baada ya mauzo utalipwa. Kwa mfululizo wa dunia moja ongeza kifungu kimoja: kazi zipi haziuzwi moja moja. Ramani ikinunuliwa peke yake wiki ya kwanza, zilizobaki zimepoteza mlango.

---

Kibao_Mraba

Kifungu hicho cha ramani nilikuwa sijakifikiria kabisa. Swali la mwisho kutoka kwangu, Mpingo72: ramani ikibaki bila kuuzwa, ikiharibika je? Ni kazi moja tu.

---

Mpingo72

Chora mbili tangu mwanzo, kutoka kwenye makopo yale yale na kwa siku zile zile, zikiwa na namba A na B. A inaenda ukutani. B inabaki kwako na haitoki kamwe, na picha mpya za nchi hiyo unazipima kwa B.